Bosi, Hii Ni Window Tu

Kompyuta ikitaka kukuzimikia haichagui saa ya karata. Ukitazama tamthilia saa nne mfululizo, imetulia kama kondoo. Fungua hesabu za kikoba, fika mstari wa 214 hujasevu, ndipo inapokumbuka kufa. Kioo cheusi, feni kimya, halafu inajiwasha yenyewe na kukuomba nywila kwa adabu, utadhani haijafanya kitu.

Hapo washauri wanaibuka. Shemeji anasema virusi. Jirani anasema jini. Fundi hajagusa hata skrubu moja, keshatoa hukumu: "Bosi, hii ni window tu, tunapiga upya," yaani afute Windows na kuiweka mpya. Jamani, window si deki! RAM, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ikiwa mbovu, hata ukipiga window mara saba, ya nane itazima tu. Tena hiyo window mpya inapita kwenye RAM ileile wakati wa kuingia, kwa hiyo mafaili yanaweza kuzaliwa na ulemavu.

Kwanza inyime ruhusa ya kujiwasha. Windows ikianguka huandika kosa kwenye skrini ya bluu, kisha inalifuta kabla hujavaa miwani. (Kwenye Windows 11 za karibuni wameigeuza nyeusi, kana kwamba shida ilikuwa rangi.) Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, ingia Advanced, kisha Settings iliyo chini ya Startup and Recovery, toa tiki kwenye Automatically restart. Sasa ikianguka itabaki na maneno yake kifuani, nawe upige picha kwa simu.

Halafu fungua Event Viewer, daftari la matukio la Windows, sehemu ya System. Utakutana na Kernel-Power 41, na utafurahi kwamba mwizi kapatikana. Hujapata kitu. Maana yake ni kwamba kompyuta iliwaka bila kuwa imezimwa vizuri. Ni sawa na cheti cha kifo kinachosema marehemu amefariki kwa kukosa uhai. Cha maana ni kuingia Details na kutazama BugcheckCode, namba ya kosa. Ikiwa 0, hakuna skrini ya bluu iliyorekodiwa, kwa hiyo anza na umeme na joto. Ikiwa 26, hiyo ni MEMORY_MANAGEMENT, shika RAM. Ikiwa 292, ni WHEA, chombo chenyewe kinalalamika: prosesa, madabodi, au volti zake.

RAM basi. Zima, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha. Toa RAM, sugua meno yake ya dhahabu kwa ufutio mweupe wa wanafunzi, ondoa vumbi la ufutio, rudisha mpaka masikio ya pembeni yalie "ta!" Kama uliwasha XMP ili RAM ikimbie, izime kwanza, nyingine si mbovu, zimelazimishwa mbio tu. Kisha weka MemTest86, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, iwashe kupitia hiyo, iache imalize raundi zote 4 usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kukutia mashaka. Hapo pima kijiti kimoja kimoja kwenye tundu lilelile, la sivyo utanunua RAM wakati mbovu ni tundu.

Joto ni rahisi zaidi, maana kwetu vumbi halihitaji mwaliko. Weka HWiNFO utazame digrii. Prosesa ikiwa kazini kwenye 80 na kitu, vumilia. Ikigota 95 hadi 100, inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue, na joto likizidi hapo inakata. Puliza vumbi, lakini shikilia feni kwa kidole. Kuizungusha kwa blowa kama kinu cha upepo kunaua beringi. Pesti ya kupitisha joto iliyo juu ya prosesa ikiwa imekauka kama ugali wa juzi, ifute kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya choroko. Choroko, si kijiko. Hupaki siagi.

Sasa tuje kwa mchawi mkuu, pawa saplai. Dalili yake: mashine inakata ghafla ikipewa kazi nzito, kama mtu amechomoa waya, bila skrini ya bluu wala kwaheri. Boksi limeandikwa 500W kwa herufi kubwa za kampeni, lakini ukilinyanyua ni jepesi kama mkate. Soma kibandiko, mstari wa 12V. Kikisema ampea 16, zidisha: 12 mara 16 ni wati 192. Hizo 500 zimeenda wapi, muulize aliyechapa kibandiko. Halafu mtu ananunua kompyuta ya ofisi ya mtumba yenye saplai ya 240W, anaipachika kadi ya michezo inayotaka waya wake wa umeme kwa sababu 75W za tundu la madabodi haziitoshi, kisha analia kwamba kompyuta imelogwa. Ukipima, laini ya 12V inatakiwa kukaa kati ya 11.4 na 12.6. Usifungue saplai yenyewe. Kapasita zake zinatunza umeme hata ukishachomoa. Na ile ekstensheni yenye friji, pasi na kompyuta, tafadhali.

Diski nayo isisahaulike. CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, ikionyesha njano, na mistari ya 05 au C5 (hesabu ya sehemu mbovu au zenye mashaka) inapanda kila wiki, nakili mafaili yako kwanza, chkdsk, ukaguzi wa diski wa Windows, baadaye. Watu wanafanya kinyume, diski inakatia roho katikati ya ukaguzi.

Badilisha kitu kimoja, subiri siku mbili tatu, andika: saa ngapi ilizima, nini kilikuwa wazi, digrii ngapi, umeme ulikuwaje. Kwa fundi haitazima hata mara moja, itamng'aria kama bibi harusi, kwa hiyo hiyo karatasi ndiyo shahidi wako. Mpe. Ataisoma juu mpaka chini, atatikisa kichwa kwa heshima kubwa, atakuuliza nani kakufundisha haya yote.

"Safi sana, bosi. Sasa tupige window."