Boksi la Mninga

Zamu yangu ya mchezo wa upatu ilipofika, laki saba taslimu, kijumbe alinihesabia noti mbele ya wanachama wote, kisha akaniuliza, kama ilivyo ada, nazifanyia nini. Aliyepokea kabla yangu alinunua friji. Aliyemtangulia aliezeka. Mimi nikasema najenga. Wakapiga vigelegele, wakidhani nina kiwanja Chanika.

Nilichokuwa najenga ni kompyuta ya gemu. Ya kwangu, si ile laptop ya kazini inayoanza kuunguruma hata kabla mwamuzi hajapuliza filimbi.

Ukitaka kujua Dar es Salaam ina wataalamu wangapi, sema una laki saba na unataka kompyuta ya gemu. Wa kwanza aliniambia nichukue RX 580, kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, ya GB 8, iliyozagaa kwa bei ya kutupa tangu Septemba 2022, pale sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi na wachimbaji wakaanza kumwaga zao sokoni. Ushauri si mbaya. Ila kadi hiyo peke yake inakula wati 185, inataka pawa saplai, kile kifaa cha kugawa umeme, yenye waya wake maalumu, pawa saplai ya maana nayo inataka kesi, yaani kasha, ya kuingia, na kabla sijafika kwenye kipanya hesabu ilishagonga milioni.

Wa pili alinisukuma kwenye prosesa mpya, ule ubongo wa kompyuta, i3-12100F. Huyu namjua vizuri, namwita Mwana tu, asije akanidai heshima yake. Aliinunua hiyo mwenyewe kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko ile isiyo na F. Sasa F hiyo ndiyo inayosema kwamba prosesa haina grafiki ndani yake: usipokuwa na kadi, monita haioni kitu. Na Mwana hela ya kadi hakuwa nayo. Alikesha mbele ya kioo cheusi akibadilisha nyaya za HDMI, huku akimtukania muuza nyaya wazazi wake.

Niliyemsikiliza ni shemeji yangu, mhasibu, mtu ambaye gemu pekee aliyowahi kucheza ni bao. "Shem," akaniambia, "nunua mashine ya ofisi, mtumba wa Ulaya, uichomekee kadi. Umemaliza." Na kwa mtu wa laki saba ushauri huo mpaka leo nausimamia. Nikapata mashine nyembamba, safi, ina prosesa i5-4590 ya mwaka 2014, kori nne, RAM GB 8, kwa laki mbili na themanini. Pawa saplai yake ni ya wati 255 tu, na soketi yake si ile ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo kubadilisha sahau. Lakini tundu la kadi kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa mashine, linatoa mpaka wati 75, na kadi ya GTX 1050 Ti, iliyotoka Oktoba 2016, inakula hizo hizo 75 bila kuomba waya wa ziada. Shemeji akaandika kwenye daftari, akapiga mstari chini. Hesabu imekaa.

Kadi niliipata Kariakoo, kwenye fremu moja yenye kijana mchangamfu sana. Ilikuwa bado ndani ya boksi lake, nailoni juu. "Mpya, boss wangu, haijaguswa na mkono wa mtu. GB 4. Laki na nusu kwa sababu ni wewe." Ilikuwa na matundu matatu nyuma ya kuchomekea monita: HDMI, DVI, na ile VGA ya bluu. Nikafurahi, maana monita yangu ya mtumba ilikuwa ya VGA. Akanipa na flashi yenye draiva, programu za kuiendesha kadi. "Tumia hizi hizi. Usije ukaapdeti, utaua kadi." Nikamshukuru kwa kunijali.

Nyumbani Tandika nikafungua mashine, nikashika kadi, nikaisogeza. Haiingii. Bamba la chuma la kadi ya kawaida lina urefu wa sentimita 12, na mashine nyembamba zinapokea zile fupi, za kama sentimita 8. Kadi ilichomeka, lakini ilisimama juu ya ukingo na mfuniko haufungi. Nikaiwasha hivyo hivyo, tumbo nje. Mama akapita, akaangalia feni inazunguka, akaangalia kuku wa jirani mlangoni, akasema, "Hii kitu hailali sebuleni kwangu ikiwa uchi."

Ndipo mjomba akaingia kwenye habari hii.

Mjomba wangu ni seremala, Keko. Vitanda, makabati, milango. Ukioa Temeke kuna uwezekano unalala juu ya kazi yake. Nilimwendea nikiwa na nia ndogo tu: kijisanduku cha plaiwudi, cha kufichia aibu. Akaniangalia kama mtu aliyeombwa apike ugali wa unga wa chaki.

"Plaiwudi, mjomba? Mtoto wa dada yangu?"

"Mjomba, ni kompyuta tu."

"Nina vipande vya mninga vimebaki kwenye kitanda cha maharusi. Futi tano kwa sita. Wewe niachie vipimo, nenda kazini."

Nilipomwambia iwe na matundu ya hewa, akacheka na wanafunzi wake wakacheka. "Vumbi la Tandika unalijua, hulijui? Unataka nikutengenezee boksi au chekeche? Tena mninga, mjomba. Mninga hautobolewi ovyo."

Boksi lilikuja kwa bajaji, limefunikwa shuka. Nisiwe mchoyo wa sifa: lilikuwa zuri. Limepigwa vanishi mpaka unajiona. Lina mlango wenye bawaba za shaba, kitasa na funguo mbili, na ubavuni limechongwa ua. Jirani alipoliona sebuleni akauliza kama mwaka huu kura tunapigia nyumbani. Ndani mjomba alikuwa ameweka ubao wa kufungia mazabodi kwa skrubu, kila kitu kimenyooka. Kikabaki kitufe cha kuwashia, maana kile cha zamani kilikuwa sehemu ya kesi ya chuma. Mjomba alishalifikiria hilo. Kwenye mlango wa boksi, katikati kabisa, alikuwa amefunga swichi ya kengele ya mlangoni. Nyeupe, ina picha ya kengele nyekundu.

Na ukitazama kiufundi, hajakosea. Kitufe cha kompyuta kazi yake ni kugusanisha nyaya mbili kwa nukta moja na kuziachia, na kengele ni hivyo hivyo. Nikaunga nyaya, nikabonyeza. Ikawaka. Ikalalamika kwa Kiingereza kwamba waya wa mbele haupo, nibonyeze F1. Nikabonyeza F1. Inalalamika hivyo kila ikiwaka, tumeshazoeana.

Usiku huo nikawasha GTA V, niliyokuwa nimeipakua kwa rafiki mwenye faiba, maana gemu lenyewe linazidi GB 70 na bando langu lingelia. Likafunguka. Nikaingia kwenye gari. Gari likaondoka, lami haikuja. Naendesha juu ya kitu cha rangi ya uji, watu wananipisha hawana nyuso, na nyumba zinafika baada ya mimi kuzipita. Kisha, paap, giza. Mashine imezima, na boksi la mninga linanukia vanishi ya moto, harufu ya fenicha mpya ikiungua kwa adabu.

Nikaiwasha tena, nikafungua programu ya kupimia joto: prosesa digrii 98. Nikampigia mjomba. Mjomba hakupokea vizuri.

"Kitanda changu hakijawahi kuzima, mjomba."

Ikabidi mama apige mwenyewe, kwa ile sauti ambayo kaka mtu hata awe na mvi anaijua. Mjomba akaja na drili na uso wa mtu anayepeleka mbuzi wake machinjoni. Akatoboa juu, akatoboa ubavuni, tena kwa mpangilio, matundu yanalizunguka ua. Kila moja analipulizia unga, anasonya, anaendelea. Nikafunga feni ya ziada nyuma. Joto likashuka mpaka sitini na kitu. Nikasema leo ni leo.

Dakika chache ndani ya mechi ya gemu la mpira, picha ikaganda. Kioo kimejaa miraba ya kijani na zambarau, msemaji wa mpira anarudia silabi moja.

Sasa ukaanza msimu wa kutafutana. Kwanza tukamkamata mama, ambaye kwa kuwa boksi limependeza alikuwa amelitandika kitambaa chake cha kufuma, kile cheupe chenye pindo, na juu yake akaweka king'amuzi na chombo cha maua ya plastiki. Matundu yote ya juu yamevikwa. Mama akasema kitu kikikaa sebuleni bila kitambaa wageni watafikiri kuna msiba. Tukakubaliana kitambaa kiwe kinatolewa saa za mpira, kinarudishwa wakija wageni.

Kisha tukamkamata mtoto wa dada, darasa la nne, aliyekuwa amegundua kwamba boksi lina kengele. Yeye alichotaka ni isikike tu. Anabonyeza, anasogeza sikio, kimya, anabonyeza tena. Kila akibonyeza, mimi upande wa pili nimebaki na kipa na mashine inajizima kwa utaratibu, inaniaga kabisa. Na hakuwa peke yake: mgeni mmoja wa mama, mtu mzima na ushungi wake, alipiga hodi, hakusikika, akaingia, akaiona kengele, akaibonyeza kwa heshima zote.

Lakini hata pasipo mtoto, pasipo kitambaa, pasipo mgeni, kuganda kulikuwa palepale. Ukoo mzima ukakubaliana kwamba tatizo ni boksi. Shemeji alisema mbao hazipitishi joto. Mama alisema vanishi. Jirani wa kura alisema mninga una asili yake, si wa kuchanganya na umeme. Mjomba akaacha kupita kwetu.

Aliyeliona ni Mwana, yule wa F. Alikuja na flashi yake, akasema aliyewahi kuumwa na nyoka aachiwe apekue kichaka. Akafungua mlango kwa funguo, akachungulia nyuma ya kadi, akakaa kimya kidogo.

"Hii VGA ni ya nini?"

"Ya monita."

"1050 Ti haina VGA. Kizazi kile chote Nvidia waliiondoa."

Akaweka programu ndogo ya bure ya kutambua kadi, inaitwa GPU-Z. Ikafunguka, na kwenye mstari wa jina, mbele ya "GTX 1050 Ti", ikaandika ndani ya mabano ya mraba, kwa herufi kubwa: FAKE. Wala haikuzunguka. Chipu ni GF108, ile ya GT 430, kadi ya Oktoba 2010, yenye kori 96. 1050 Ti ya kweli ina 768. Mtu alikuwa ameifuta bayosi yake, ile programu ya ndani inayoitambulisha kadi, na kuiandikia nyingine, ikawa inajitambulisha kwa Windows kwa jina la watu na kudai GB 4 wakati inayo 1. Gemu likiwa dogo, uongo unasimama. Likidai kumbukumbu zaidi ya hiyo GB moja, kadi inakwenda kuichukua mahali pasipo na kitu, ndiyo ile miraba ya zambarau. Na ndiyo maana ya usije ukaapdeti. Ile kadi mpya isiyoguswa na mkono wa mtu ilikuwa imemzidi umri mtoto wa dada.

Nikarudi Kariakoo na kadi mfukoni na hotuba kichwani. Fremu ipo, kijana hayupo. Pale zilipokuwa kadi pametundikwa madera, dada mmoja amekaa anakula mihogo.

"Yule wa kompyuta?"

"Kahama, kaka. Wewe wa ngapi sijui kuuliza. Karibu madera."

Nilipata 1050 Ti ya kweli baadaye, mtumba, kwa mtu aliyenionesha inafanya kazi mbele yangu, na haina VGA, kwa hiyo nikaongeza adapta. Na gemu likachezeka: lami inakuja kwa wakati, watu wana nyuso.

Mjomba akaalikwa pilau Jumapili. Nikamweleza yote, chipu, bayosi, GB moja. Akasikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono.

"Kwa hiyo boksi halikuwa na kosa."

Nilitaka kumkumbusha zile digrii 98, lakini pilau lilikuwa bado halijapakuliwa. "Halikuwa na kosa, mjomba."

"Sema kwa sauti. Dada yangu yuko jikoni."

Nikasema kwa sauti.

"Vizuri. Sasa matundu ni jero jero."

"Matundu gani?"

"Mliyonitobolesha bure kwenye mninga wangu." Akasimama, akaenda kwenye boksi, akaanza kuhesabu kwa kidole, kuanzia kwenye ua. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi, nikajua sasa nimepata wakili. Akaondoa king'amuzi, akaondoa maua, akakunja kitambaa ili kaka yake aone na ya juu.

"Na la kengele?" nikamchokoza.

"Hilo buku," akasema bila kugeuka. "Lile nilichonga kwa patasi."