Mapoligloti wa mtandaoni na papasi wa Nungwi

Juzi kwenye grupu letu la Telegram la watu wanaojifunza lugha jamaa mmoja kaandika anaanza lugha ya tisa, Kihispania. Pongezi kibao, makofi, mioto. Mi nikamuuliza kiutani, hiki Kihispania chako unaongeaga na nani? Akajibu, "Na nyie." Wiki nzima jibu lake linanizunguka kichwani, sijui nicheke au nimkubalie.

Nianze kwa kumtetea. Mtu yuko Mbagala, amekipenda Kijapani, ataongea na nani, muuza chipsi? Alliance Française wanaofundisha Kifaransa na Goethe wa Kijerumani wapo mjini lakini ada ni ada na foleni ni foleni. Grupuni unatuma sauti ya sekunde 20, mtu anakurekebisha bila kukucheka, kesho unatuma tena, aibu inaisha taratibu. Afu kuna Waesperanto, watu wa Kiesperanto. Lugha yao ni ya kubuniwa, mbunifu wake Zamenhof aliichapisha mwaka 1887, haina nchi, haina jeshi, na Agosti 2024 walipanda ndege wakaja Arusha kwenye kongamano lao la dunia la 109, la kwanza kufanyika Afrika. Wale karibu wote wanaongea na wanafunzi wenzao na lugha iko hai. Kwa hiyo "na nyie" sio jibu la kipuuzi hivyo.

Ila Kihispania kina wenyewe bana. Hapo ndo namkumbuka papasi mmoja wa Nungwi kule Zanzibar, wale vijana wa ufukweni wanaowauzia watalii safari. Mi nilikuwa na miaka miwili ya Kiitaliano cha kwenye simu, siku zaidi ya 400 mfululizo sijakosa, nikasema leo ndo leo. Mama wa Kiitaliano kaniuliza kitu kuhusu mashua ya kwenda kisiwa cha Mnemba, nikabaki namtolea macho nikaishia Kiingereza kibovu. Papasi akaingilia, anachekesha, anataja bei, yule mama akamgeukia mumewe akanong'ona "troppo caro", ghali mno, na kabla hajamaliza kugeuka jamaa keshashusha bei. Kitabu cha sarufi hajawahi kukifungua.

Ila na yeye tusimpambe sana. Nilimpa simu asome habari ya gazeti la Kiitaliano, akasoma mstari mmoja akanirudishia. Kiitaliano chake kinaanzia kwenye mashua kinaishia kwenye pomboo. Dada anayetaka kwenda Ujerumani kufanya uuguzi hawezi kwenda na lugha ya namna hiyo, kule wanataka cheti, na cheti kinataka ukae chini uandike.

Na hata wakubwa wenyewe wa mambo haya hawaelewani. Benny Lewis, yule wa Ayalandi, anakwambia ongea toka siku ya kwanza, kosea tu twende. Steve Kaufmann, mzee wa Kanada, yeye anasema sikiliza na usome sana kwanza, kuongea kutakuja. Papasi ni Benny mtupu, mi nilikuwa Kaufmann bila subira yake. Ninachokataa kabisa ni wale wa "lugha mpya ndani ya miezi mitatu". Wanadiplomasia wa Marekani chuoni kwao wanapangiwa kama wiki 36 kwa Kiswahili na 88 kwa Kiarabu au Kijapani, tena hiyo ndo kazi yao ya kutwa, sasa wewe na dakika zako kumi kwenye daladala unatuambia nini? Kuhesabu lugha ndo ugonjwa wa magrupu yetu. Mkongo wa Bukavu ana Mashi, Kiswahili, Kifaransa na Kilingala juu na hajawahi kujiita poligloti, yaani mtu wa lugha nyingi.

Kwangu mimi grupu ni zuri mpaka siku unapompata mwenye lugha yake, baada ya hapo ukiendelea kujificha grupuni unajidanganya. Nilimwambia hivyo yule papasi tukiwa tumekaa kwenye ngalawa, nikijua ataniunga mkono. Akaniuliza, "Na masika je? Hoteli zinafungwa, Mtaliano hata mmoja humuoni, miezi miwili mi naongea na mbuzi. Msimu ukifunguka nusu ya maneno yameshapotea." Akatoa simu yake, kioo kimepasuka kona. "Hilo grupu lenu mtu huingiaje?"