Elfu Hamsini za Kutajia Mama Mkwe

Mshahara wa shilingi 50,000 hapa Kenya ni wa kutajia mama mkwe. Unaofika benki ni mwingine kabisa.

Kabla hujaziona, NSSF, mfuko wa pensheni, imeshachota asilimia 6, yaani 3,000. Kuna watu walikuwa wakikatwa 200 na bado wananung'unika! Wangengoja Februari 2023, makato yalipoanza kupanda, waone. SHIF, bima ya afya iliyorithi NHIF, nayo ina asilimia 2.75, sawa na 1,375. Enzi za NHIF mtu wa elfu hamsini alitoa 1,200, na wa laki moja kwenda juu, hata awe mkurugenzi, alikomea 1,700. Sasa kikomo hakuna, na kusema kweli, kilio cha mkurugenzi kinaliwaza kidogo. Kisha ushuru wa nyumba, asilimia 1.5: 750, na mwajiri anaongeza nyingine kama hizo. Ghorofa linapanda, landilodi wako hana habari, tarehe 5 anabisha hodi vilevile. Kulipa ushuru hakukupi chumba. Unajisajili Boma Yangu, mtandao wa serikali wa kuomba nyumba hizo, unaweka dipoziti, unaomba kama watu wengine.

Tangu mwisho wa 2024 makato hayo matatu yanatolewa kwanza ndipo PAYE, kodi ya mshahara, ipigwe. Zinabaki 44,875. Elfu 24 za kwanza zinakatwa asilimia 10, 8,333 zinazofuata asilimia 25, zilizosalia asilimia 30. Toa nafuu ya 2,400 na kodi ni kama 5,846. Mkononi: 39,029. Karani akipiga PAYE kwenye 50,000 nzima, amekukata 1,537 za bure. Mwendee na kalkuleta, na uende mapema kabla hajatoka chai.

Sasa njoo kwa madeni. Sheria ya Ajira, kifungu cha 19, inasema makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili ya mshahara. Basi theluthi inayobaki, 16,667, lazima ikufikie. Watu wa mikopo wanaijua hesabu hii kuliko waliotunga sheria: 39,029 toa 16,667, wanaona 22,362 za kukamua kila mwezi, na hapo ndipo wanapokata urefu wa mkopo wako. Kama una deni la HELB, mkopo wa serikali wa masomo ya chuo, nalo linaingia humohumo. Ukilikwepa, faini ni 5,000 kwa mwezi.

Lakini sheria inalinda theluthi ile kwenye payslipu tu. Ikishaingia kwenye simu, haina mlinzi. Fuliza, mkopo wa papo hapo wa M-Pesa, haiko kwenye payslipu. Inachukua asilimia 1 ya kufungulia, halafu ada ya kila siku hadi ulipe, na pesa yoyote ikiingia M-Pesa inajilipa kwanza: ya mshahara, ya chama, ya harambee ya mazishi uliyotumiwa uishike tu. Mweka hazina wa chama usiwe na Fuliza, tafadhali. Utatafutwa.

Kwa hiyo serikali inakulazimisha kuweka akiba ya kungojea ufike miaka 60, na wewe unakopa ya kufika Ijumaa.

Na ukidhani yameisha, kabla ya Juni 30 unaingia iTax, mtandao wa kodi, na fomu ya P9 uliyopewa na mwajiri, kuieleza KRA, mamlaka ya kodi, ulilipwa ngapi, pesa ambazo imezikata yenyewe miezi 12 mfululizo. Ukichelewa, faini ni 2,000. Fuliza inakubali.