Usimtenge samaki mdogo peke yake

Samaki kumi wa uzao mmoja wanakula chakula kimoja ndani ya tangi moja la kioo, maji yale yale, na bado baada ya miezi miwili wawili wamewazidi wenzao kwa mbali huku mmoja akiwa kama alivyoletwa. Ushauri wa haraka ni kuongeza chakula. Naupinga. Chakula cha ziada huishia kwa wale wale wakubwa, kinachobaki kinaoza chini, na mdogo anaambulia amonia, sumu itokayo kwenye uozo huo, badala ya shibe.

Maji nayo husingiziwa mno. Pima, ndiyo: amonia na nitriti, sumu inayotokana na amonia, zisome 0, na nitrati, mabaki ya mwisho yasiyo makali sana, ikipanda kupita miligramu 40 kwa lita, badilisha sehemu ya maji. Lakini maji mabaya huwagusa wote. Kundi zima likidumaa, shuku maji. Wakidumaa wawili huku wengine wakinawiri, tazama kwanza nani anakula.

Kutazama huko kuna namna yake. Tia chakula, kaa mbali kidogo na kioo, kisha waache wanaokimbilia juu na umkazie macho yule mdogo. Mara nyingi njaa anayo. Anachomoza nyuma ya jiwe, anafika nusu ya njia, mkubwa anamgeukia bila hata kumgusa, naye anarudi amebana mapezi. Akibahatika kupata punje, inamshinda mdomo: anaitema, anaidaka tena, mwenzake anampokonya. Hata siku akila, hofu ya kutwa nzima humla nguvu ambazo zingejenga mwili.

Kabla ya kulaumu ubabe, linganisha wanaolingana. Dume wa gapi, samaki mdogo wa mapambo, hupunguza sana kukua akishakomaa, jike huendelea na kumpita. Kwa sikilidi wengi, jamii ya sato na perege, dume ndiye mkubwa. Na mwenye tumbo lililobonyea ingawa anakula, tena anatoa kinyesi cheupe kama uzi, huenda ana vimelea. Huyo anahitaji karantini na tiba.

Kosa linalorudiwa sana ni kumtoa mdogo peke yake. Samaki wa kundi akibaki peke yake hujificha na kususa chakula. Kumtoa mbabe mmoja nako hakutoshi, maana wa pili hupanda cheo. Amphiprion, wale wa baharini wanaoishi ndani ya anemoni, mnyama wa bahari mwenye minyiri inayochoma, wanalionyesha hili waziwazi: jike ndiye mkubwa kuliko wote, dume wake anafuata, walio chini hubaki wadogo kwa ngazi. Jike akifa, dume hugeuka jike na kukua. Udogo ule ulitokana na nafasi aliyokuwa nayo, wala hakuwa dhaifu.

Kwa hiyo gawa kundi kwa ukubwa: nusu ya juu tangi moja, nusu ya chini jingine. Kama tangi la pili halipo, weka kizuizi cha plastiki chenye matundu madogo, ila kisiwe cha kuonyesha upande wa pili, kwani mbabe hutisha hata kwa kuonekana tu. Usichelewe, hasa kwa aina zinazowinda. Pengo likiwa kubwa, mdogo huliwa. Kagua tena baada ya wiki mbili au tatu, kwa kuwa vyeo vipya hujitengeneza ndani ya kila nusu.

Vifaranga wape chakula mara nne hivi kwa siku, kila mara kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili, na punje isizidi jicho la mdogo kuliko wote. Tia pande mbili za tangi kwa wakati mmoja: mkubwa hawezi kulinda zote.

Aliyebanwa kwa muda mfupi huweza kukua haraka na kufidia sehemu kubwa. Lakini mwenye jicho kubwa lisilolingana na mwili keshadumaa siku nyingi. Usitarajie awafikie wenzake. Ataishi vizuri na wapole wa kimo chake. Kumzalisha sikubaliani nako kabisa, kwa sababu huwezi kujua kama alinyimwa chakula au alizaliwa hivyo.