Rufani za unyang'anyi na lawama ya "ufundi wa kisheria"

Mfungwa wa unyang'anyi wa kutumia silaha akiachiwa na Mahakama ya Rufani ya Tanzania, mtaani husemwa mambo mawili: ama kahonga, ama kaponea kwenye ufundi wa kisheria. Aliyekatwa panga usiku ule akaporwa mauzo ya siku ana haki ya kuhamaki. Kovu analo, na mtu anayeamini ndiye aliyemkata anakutana naye kituo cha daladala.

Lakini tuangalie sheria imemwachia mrufani nini cha kusema. Kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu, kilichoingizwa mwaka 2004, kinataka kifungo kisichopungua miaka 30. Aliyemtishia mtu kwa kisu akachukua simu, na genge lililovamia benki na bunduki, wote wanaanzia hapo hapo. Wanaoitetea adhabu hii wana hoja: hakimu hawezi kushawishiwa amfunge jambazi miaka miwili halafu mambo yaishe kimya kimya. Nakubali. Ila hakimu huyo huyo hawezi pia kutazama kwamba mshtakiwa ana miaka 22, ni kosa lake la kwanza, na simu ilishapatikana. Anaandika 30. Mahakama za juu nazo zimefungwa na kiwango hicho hicho, kwa hiyo kulia kwamba adhabu ni kali hakumfikishi mrufani popote. Kinachobaki ni kupinga kutiwa hatiani kwenyewe. Huo tunaouita ufundi ndio uwanja pekee aliobakishiwa.

Na ufundi wenyewe ni upi? Mara nyingi ni utambuzi wa mshtakiwa. Shahidi anasema, "Nilimtambua kwa mwanga wa tochi." Tochi aliishika nani? Kama ni jambazi, mwanga ulikuwa ukimpiga shahidi machoni. Tangu kesi ya mwaka 1980 ya mrufani aliyeitwa Waziri Amani, mahakama zinataka kila uwezekano wa kumfananisha mtu na mwingine uondolewe kwanza: umbali ulikuwaje, mwanga ulikuwa na nguvu kiasi gani, tukio lilichukua muda gani, walikuwa wakifahamiana? Na kama walifahamiana, mbona hakumtaja kwa jirani wa kwanza aliyefika, wala kwenye maelezo ya polisi? Mtu aliyeporwa usiku anaweza kusema kweli tupu ya moyoni mwake, na bado awe amemkosea mtu. Hilo nalirudia kwa sababu ndilo tunalolisahau upesi: shahidi anayekosea kwa moyo safi anaaminika kuliko mwongo, na kosa lake linagharimu miaka 30 ya mtu mwingine.

Shtaka la kula njama, ambalo huwekwa kwenye hati ya mashtaka karibu kwa mazoea, lina hadithi fupi. Mahakama ya Rufani imeshasema zaidi ya mara moja kwamba kosa lililokusudiwa likishatendwa, si sahihi kushtaki njama pamoja nalo. Mrufani akishinda hapo anafurahi bure, maana adhabu za makosa yote mawili kwa kawaida zilikuwa zikitumikiwa kwa wakati mmoja, na ile miaka 30 ya unyang'anyi haijaguswa.

Upande wa Jamhuri, yaani waendesha mashtaka wa serikali, una jibu: basi kesi irudiwe, mwathirika asikilizwe upya. Wakati mwingine hurudiwa kweli, hasa kesi ya awali ikiwa batili. Lakini msimamo tangu miaka ya 1960 ni kwamba hairudiwi ili kuwapa waendesha mashtaka nafasi ya kuziba matundu ya ushahidi wao. Ni mkali kwa mwathirika, sikatai. Ila yule askari aliyechukua maelezo asubuhi ya tukio bila kuuliza mwizi alivaa nini, ana urefu gani, ana alama gani, huwa hatajwi kabisa kwenye lawama za mtaani. Wanaotajwa ni majaji, waliolisoma jalada hilo miaka kadhaa baadaye.