Darasa laweza kuhama, karakana haihami

Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitangaza kwamba UVIKO-19 imekuwa janga la dunia nzima, na vituo vya mafunzo kazini vikajikuta katika tatizo ambalo shule za kawaida hazikuwa nalo. Mwalimu wa historia alihamia kwenye simu na kompyuta, hata kama ilikuwa kwa taabu. Mkufunzi wa kuchomelea vyuma, wa kuendesha foklifti, wa nyaya za umeme au wa huduma ya kwanza hakuwa na pa kuhamia, kwa sababu mkono haujifunzi kwa kutazama video. Tangu hapo, ugonjwa wa njia ya hewa ukizuka, swali linalozuka nao ni lilelile: kituo kifungwe hadi hali itulie, au kiendelee kwa tahadhari?

Wanaotaka kifungwe huanza na udogo wa karakana na jinsi watu wanavyosogeleana. Ni kweli, ila kiwanda nacho kinasonga watu na hakifungwi. Hoja yao yenye uzito ni nyingine, na ni nadra kuisikia: kituo cha mafunzo kinachanganya watu ambao wasingekutana kabisa. Washiriki 16 wanaweza kutoka kampuni 8. Wanakaa pamoja siku 3, wanakula meza moja, kisha kila mmoja anarudi kwa wenzake. Kwa aina ya mwanzo ya virusi vya UVIKO-19, dalili zilianza kwa wastani siku 5 hadi 6 baada ya mtu kuambukizwa, na aliweza kuambukiza wengine siku 2 hivi kabla ya kukohoa. Maana yake kozi inaweza kuisha bila mgonjwa hata mmoja kuonekana, vyeti vikagawiwa, picha zikapigwa, na wiki inayofuata kampuni 8 zikaanza kuugua bila yeyote kujua moto ulianzia wapi. Anayetetea kufungua bila kujibu hilo bado hajajibu kitu.

Upande wa pili nao una hoja ngumu. Asiyefunzwa ni hatari ya aina yake, na hatari hiyo haisubiri janga liishe. Maghala na hospitali ndizo hasa huajiri watu wapya wakati wa janga, na mtu mpya juu ya foklifti bila mafunzo ni ajali inayotafuta mahali pa kutokea. Nchini Uingereza mamlaka ya usalama kazini, HSE, ilikubali kurefusha muda wa vyeti vya huduma ya kwanza vilivyokuwa vimeisha kuanzia 16 Machi 2020 pale ambapo mafunzo ya kuvihuisha hayakupatikana. Hatua hiyo ilikuwa ya busara kwa muda mfupi. Lakini kukandamiza kifua cha mtu aliyesimama moyo kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, ni ustadi unaofifia ndani ya miezi michache mtu asipofanya mazoezi. Tarehe ya cheti inarefushwa kwa kalamu. Mkono hausikii kalamu.

Kwa maoni yangu, kosa la pande zote mbili ni kukichukulia kituo kama kitu kimoja, cha kufungwa chote au kufunguliwa chote. Kozi nyingi za vitendo zina nusu nzima ya maneno: sheria, michoro, kanuni, mtihani wa kuandika. Nusu hiyo iende nyumbani bila kujadiliwa. Inayobaki ipangwe kwa hatari: kwanza wale ambao bila mafunzo wataua au kuuawa, yaani umeme, mashine za kuinua mizigo, kazi za kupanda mahali pa juu, huduma ya kwanza. Kozi za kupandishia cheo zingoje.

Baada ya hapo ndipo hesabu inaanza, nayo ianze na chumba. Chukua karakana ya mita 8 kwa 6 yenye dari ya mita 3. Eneo lake ni mita za mraba 48, ujazo wake mita za ujazo 144. Ukitaka kila mtu awe mita 2 kutoka kwa mwenzake, mpe mita za mraba 4, unapata watu 12 kabla hujatoa nafasi ya meza na mashine. Sasa pima hewa. CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, ilipendekeza mwaka 2023 kulenga angalau mabadiliko 5 ya hewa kwa saa, yaani hewa safi ya kujaza chumba mara 5 kila saa. Kwa chumba hiki ni mita za ujazo 720 kwa saa, sawa na lita 200 kwa sekunde. Mwongozo wa WHO wa 2021 ulitaja lita 10 kwa sekunde kwa kila mtu, hivyo hewa hiyo inatosha watu 20. Umbali unasema 12, hewa inasema 20. Chukua 12, na mkufunzi ahesabiwe humo. Vituo vingi vilifanya hesabu ya umbali tu, vikapaka alama za rangi sakafuni, vikaacha madirisha yamefungwa kwa sababu kiyoyozi kinafanya kazi.

Kiyoyozi cha ukutani ndicho mtego mkubwa kuliko yote. Kile cha kawaida chenye kifaa kimoja ndani na kingine nje hakiingizi hewa safi hata kidogo. Kinanyonya hewa ya chumba, kinaipoza na kuirudisha kwa watu walewale. Ubaridi unawadanganya kwamba hewa ni safi. Dawa yake ni rahisi kueleza na inachosha kuitekeleza: fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana, weka feni kwenye dirisha moja ikipuliza kuelekea nje, ziba mapengo kuizunguka kwa ubao au katoni, na uache upande wa pili wazi ili hewa iingie. Feni iliyowekwa katikati ya chumba inazungusha tu pumzi za watu.

Hapa karakana ya kuchomelea inaleta mgogoro ambao afisa afya anayetoka nje ya fani hauoni. Uchomeleaji unaotumia gesi ya kukinga huharibika upepo ukizidi kiasi cha mita 2 kwa sekunde: gesi inapeperushwa, hewa inaingia kwenye chuma kilichoyeyuka, na mshono unatoka na vitundu kama mkate. Mkufunzi akiona vitundu anafunga dirisha, na usalama wa hewa umekwisha. Kila kibanda kizungushiwe mapazia ya kuchomelea yaliyoachwa wazi juu na chini, au siku za makundi makubwa ziwe za kuchomelea kwa vijiti, ambavyo huvumilia upepo zaidi. Mfumo wa kunyonya moshi nao husaidia sana, ila ufuatilie bomba lake linaishia wapi. Likitoka nje, linavuta hewa safi iingie. Likirudisha hewa ndani baada ya kuichuja, usilihesabu kama hewa safi.

Kipimo cha kaboni dioksaidi kinafaa kama mlinzi. Nje ni takriban sehemu 420 kwa milioni. Ndani, watu wakiwa wametulia na kila mmoja anapata lita 10 kwa sekunde, itafika kwenye 900 na kitu. Ikipita 1,000, punguza watu au ongeza matundu. Lakini usikitumie karibu na injini inayowaka au gesi ya kuchomelea yenye kaboni dioksaidi, kitakupa namba za uongo. Kumbuka pia kwamba mashine ya kuchuja hewa inapunguza virusi bila kugusa kaboni dioksaidi, hivyo chumba chenye mashine hiyo kinaweza kusomeka kibaya kuliko kilivyo.

Kisha sauti. Mwezi Machi 2020, katika mazoezi ya kwaya ya saa 2 na nusu jimboni Washington, Marekani, watu 53 kati ya 61 waliohudhuria waliugua au walidhaniwa kuugua, na 2 walifariki. Kuimba na kupiga kelele hutoa matone madogo mengi kuliko mazungumzo ya kawaida, na mkufunzi anayeshindana na mashine ya kusaga anapiga kelele siku nzima. Kipaza sauti kidogo cha kuvaa kiunoni, au kuzima mashine kabla ya kueleza, kuna manufaa kuliko chupa kumi za dawa. Barakoa ya N95 au FFP2 isiwe na vali, kwani vali humkinga aliyeivaa huku ikiachia pumzi yake nje bila kuchujwa. Na haizibi juu ya ndevu.

Kati ya kundi la asubuhi na la mchana acheni chumba kitupu. Kwa mabadiliko 5 ya hewa kwa saa, dakika 36 huondoa asilimia 95 hivi ya kilichobaki hewani, dakika 55 asilimia 99. Ratiba zinazoacha dakika 10 zinampa mfagiaji nafasi ya kufuta meza, si hewa nafasi ya kutoka.

Kuhusu kufuta meza nitasema machache, kwa sababu limepewa uzito kupita kiasi. Mapema 2020 watafiti walikuta virusi hai kwenye plastiki na chuma cha pua hadi saa 72, na dunia ikaanza kunyunyiza kila kitu. Aprili 2021 CDC ikakadiria kwamba kugusa sehemu yenye virusi huleta maambukizi chini ya mara 1 kati ya 10,000. Kwa ugonjwa mwingine hesabu inaweza kugeuka, hivyo usafi usitupwe. Ila uende mahali panapogusa uso: kofia za kuchomelea, miwani, vipokea sauti, sanamu za kufanyia mazoezi ya huduma ya kwanza. Vitu hivi visishirikiwe kabisa ndani ya siku moja. Sanamu ikilazimika kushirikiwa, uso ufutwe kwa alkoholi ya asilimia 70, ubaki umelowa angalau dakika 1, na mfuko wa mapafu ubadilishwe.

Makosa ya dawa ni mengi kuliko ya uchafu. Klorini ya kufulia yenye nguvu ya asilimia 5 huchanganywa sehemu 1 kwa maji sehemu 49, yaani mililita 20 na maji mpaka ifike lita 1, kupata asilimia 0.1. Ichanganywe kila siku, isikutane na asidi ya chooni, na meza ioshwe kwanza kwa sabuni kwa kuwa uchafu huila klorini. Isiguse swichi wala mikanda ya usalama ya kazi za mahali pa juu: inakula shaba, na inadhoofisha nyuzi za nailoni bila kuacha alama ya kuonekana. Mkanda huoshwa kwa sabuni laini na maji ya vuguvugu, ukaanikwa kivulini. Au unatundikwa saa 72, jambo lisilogharimu chochote kama mikanda inatosha. Kitakasa mikono chenye alkoholi kikae mlangoni, mbali na cheche. Moto wake karibu hauonekani, na mchomeleaji anayeshika tochi kabla mikono haijakauka anaweza kuungua bila kuona kinachomuunguza. Karibu na vibanda pawe na sabuni na maji.

Kipima joto cha paji la uso langoni kina faida moja: kinawakumbusha watu. Hakimnasi asiye na homa, na aliyetembea juani kinamrudisha nyumbani mzima. Kinachonasa wagonjwa zaidi ni sera ya fedha. Mshiriki anayejua kwamba akikosa siku moja anapoteza kozi, ada na posho, atameza dawa ya homa saa moja kabla ya kufika. Kituo kiahidi kwa maandishi nafasi ya kurudia bila malipo, na mwajiri aahidi siku hiyo haitakatwa. Wahasibu watalalamika, na wana sababu.

Kama kituo kilifungwa wiki kadhaa, kabla ya kukifungua fungulia kwanza mabomba. Maji yaliyotuama kwenye joto la kati ya nyuzi 20 na 45 huzalisha bakteria wa legionela, ambao huingia mapafuni kwa mvuke wa matone. Yaachwe yatiririke dakika kadhaa kila bomba, manyunyu ya kuogea yakiwa yamefungwa mfuko ili yasiruke, na beseni za kuoshea macho zisisahauliwe. Hizo zinapaswa kufunguliwa kila wiki hata wakati wa kawaida.

Sasa nirudi kwenye ile hoja ya kuchanganya kampuni, maana hewa safi haijaijibu yote. Panga kozi kwa kampuni moja kila inapowezekana, hata kama darasa halijai. Isipowezekana, wawili wa benchi moja wabaki wawili haohao mpaka mwisho. Mwaka 2020 watafiti wa Israel walipendekeza siku 4 za kazi na siku 10 nyumbani, ili aliyeambukizwa kazini afikie kilele cha kuambukiza akiwa hayupo; kwa kituo mpangilio huo unafaa kuliko kwa kiwanda, kwa kuwa siku 10 hizo zinajazwa nadharia. Hasara yake ni kwamba anayeanza kuchomelea akikaa siku 10 bila kushika tochi anarudi nyuma, hivyo siku ya kwanza ya kurudi iwe ya marudio.

Na iwepo daftari la benchi: jina, namba ya simu, mwajiri, benchi, saa. Mtu akiripoti dalili ndani ya siku 14, waajiri wote wa kundi lake wapigiwe siku hiyohiyo. Waambiwe tarehe na chumba, jina la mgonjwa lisitajwe, na kurasa zichanwe muda huo ukipita. Waajiri watadai jina. Wakipewa mara moja tu, hakuna mshiriki atakayeripoti tena.