Boling ya fedha: mkali ni Roth, Hornreich au Schlegel?

Ukitaka kuwagombanisha wazee wa New York waliokulia kwenye kumbi za boling, mchezo wa kuviringisha mpira mzito kuangusha pini kumi, uliza swali moja tu: nani alikuwa mkali zaidi enzi za mechi za fedha, zile za kuchezewa dau? Enzi hizo ni miaka ya 1950 na 1960. Mashine za kupanga pini zilikuwa zimeanza kuchukua nafasi ya vijana waliozipanga kwa mikono, kwa hiyo ukumbi uliweza kukesha. Saa nane za usiku, Avenue M Bowl kule Brooklyn, Gun Post Lanes kule Bronx au Central Lanes mjini Yonkers, utakuta vijana wadogo wanawekeana dau zito, na nyuma yao watu wazima wanabetiana hela nyingi kuliko za wachezaji wenyewe.

Kambi ya kwanza haina maneno mengi. Inakwambia katazame rekodi. Mark Roth wa Brooklyn alionja mechi hizo akiwa kijana, kisha akaingia kwenye ziara ya PBA, yaani mfululizo wa mashindano ya chama cha wachezaji boling wa kulipwa wa Marekani, na kutwaa mataji 34, manane kati ya hayo katika mwaka 1978 peke yake. Johnny Petraglia alipita njia hiyo hiyo, na vitani Vietnam pia, kabla ya kukusanya mataji yake. Mike Limongello alibeba US Open ya boling na ubingwa wa taifa wa PBA mwaka mmoja, 1971. Kama shule ya usiku ilitoa wahitimu wa namna hii, wanasema, bingwa atafutwe kwa wahitimu. Mengine ni hadithi za kijiweni.

Hoja hiyo ina uzito, lakini inapima mchezo mwingine. Kwenye ziara umepangiwa mpinzani na zawadi inajulikana. Kwenye mechi ya fedha, nusu ya kazi inafanyika kabla mpira haujatoka mkononi: unacheza na nani, kwenye njia ipi ya kurushia mpira, unampa pointi ngapi za kuanzia, dau linapandishwa lini. Ndiyo maana kambi ya pili inamtaja Richie Hornreich, ambaye wengi waliokuwepo humweka juu ya wote, ingawa umaarufu wa Roth kwenye televisheni hakuwahi kuusogelea. Wanachomsifia ni moyo: fremu ya kumi, yaani zamu ya mwisho, hela yako mwenyewe iko mezani, na mkono hautetemeki.

Tatizo la kambi hii ni kwamba mashahidi wake wenyewe walikuwa na dau. Na kulikuwa na kuuza mechi. Mpira unaingia vizuri kati ya pini ya 1 na ya 3, tisa zinalala, ya 10 inabaki imesimama kule pembeni kulia. Jamaa anachukua mpira wa pili, anatupa, unapita upana wa kidole tu kando ya pini. Anashika kichwa, anasonya. Amekosa, au kuna mtu nyuma yake aliyebeti kwamba atashindwa? Hata aliyesimama mita mbili kutoka kwake hawezi kuapa. Sasa utahesabuje nani alimfunga nani?

Mimi ningeanzia kwingine. Anayecheza drafti kwa hela anajua: ukishajulikana kuwa ndiye mkali wa mtaa, hakuna anayekaa mbele yako, au anakaa baada ya kudai kete mbili za bure. Sifa inaua biashara. Kwa kipimo hicho Roth, kwa ubora wake ule ule, anageuka mchezaji mbovu wa fedha, maana nani angethubutu kumwekea dau?

Hapo ndipo Ernie Schlegel anaponivutia. Huyu alivaa matambara, akajimwagia bourbon, wiski ya Kimarekani, nguoni ili anuke kama mlevi, kisha akasubiri mtu aone amepata samaki wa bure. Kuna watakaosema huo ni utapeli, si boling, na siwalaumu. Pia watakukumbusha kwamba taji lake la kwanza la PBA lilikuja mwaka 1980, muda mrefu baada ya kumbi zile kupoa. Ni kweli. Ila ulevi wa kuigiza hauangushi pini. Mtego ukishanasa, bado ilibidi atupe mpira na ashinde, tena kwa tofauti ndogo, ili aliyeliwa aamini ni bahati mbaya na arudie.

Kwa hiyo kura yangu ya mechi za fedha naitupa kwa Schlegel, nikijua wa Hornreich watanizomea. Na wa Roth wakishikilia mataji yao, nitawauliza kuhusu 1996: Schlegel, mwenye miaka 53, anatwaa ABC Masters, moja ya mashindano makubwa ya boling Marekani, mchana kweupe, bila tone la bourbon nguoni.